Mchina kaniambia figo zangu dhaifu, nimeacha dawa za presha

Shikamoo Shangazi,

Mie ni fundi cherehani, nina miaka 47, nashona Barabara ya Kumi na Mbili hapa Ngamiani, Tanga. Cherehani yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu, na kiti changu ni stuli ya mbao niliyoachiwa na mama aliyenifundisha kazi. Madera nashona mwaka mzima, na ikifika Desemba sare za shule zinanikalisha hapo toka alfajiri hadi taa za barabarani ziwake. Nina presha tangu nilipojifungua mtoto wa mwisho, mwaka wa kumi na moja huu. Nameza losatani asubuhi pamoja na kile kidonge kingine cha kukojosha.

Mwaka jana mgongo ukaanza. Maumivu yanatokea kiunoni, yanashuka tako la kulia, yanapita nyuma ya paja mpaka kwenye shavu la mguu. Nikikaa sana panawaka moto, nikisimama nikatembea kidogo panapoa. Nikawa nanunua diklofenaki duka la dawa, asubuhi moja na jioni moja, siku ya mzigo mkubwa natia ya tatu. Mwanzoni zilinishika vizuri. Baadaye ikawa kama nameza pipi.

Mteja wangu mmoja akanielekeza kwa daktari wa Kichina. Nilikwenda na woga wangu, Shangazi. Chumba kisafi, kitanda kimetandikwa shuka jeupe, ukutani picha ya mtu aliyechorwa mistari mwili mzima kama ramani ya daladala. Daktari mwenyewe Kiswahili hajui, ana kijana wa kumtafsiria. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kimya, muda mrefu. Akahamia mkono wa pili. Akaniambia nitoe ulimi. Kisha akasema maneno mengi, na kijana akayafupisha: "Mama, figo zako dhaifu. Damu haitembei vizuri. Huo mgongo unatoka kwenye figo."

Nilihisi chumba kinazunguka. Shemeji yangu alikuwa mtu wa figo, alisafishwa damu miezi minane kabla hajatutoka.

Nikalipa 250,000 kwa sindano mara kumi, zile nyembamba za kuchomwa bila kutiwa dawa, na 120,000 nyingine kwa unga wa kahawia, uko kwenye mfuko mweupe usio na herufi hata moja, vijiko viwili kutwa kwa maji ya moto. Kijana akaniambia dawa za hospitali ndizo zinazozichosha figo, kwa hiyo za presha nizipumzishe mpaka unga uishe. Nikazipumzisha. Leo wiki ya tano.

Sitaki kusema uongo, sindano zimenisaidia. Siku ya tatu nililala usiku mzima, mara ya kwanza toka Ramadhani. Na unga nao una nguvu, maana tangu nianze nakula kama mtu aliyetoka kulima, mashavu yamejaa, majirani wanasema nimenawiri. Kichwa tu ndicho kinanigonga kisogoni asubuhi, nadhani ni uchovu.

Nyumbani hakukaliki. Mume wangu anasema sindano isiyo na dawa ndani yake inatibu nini kama si ushirikina. Mama mkwe wangu, yuko Pangani, anasema Mchina kaiba chuku zetu, niende kwake nikaumikwe kwa elfu kumi niache kutupa hela. Binti yangu aliyeko chuo anasema vyote upuuzi mtupu, ananitumia video hata usiku.

Nisaidie. Sindano ni dawa au si dawa? Nizimalizie zile saba zilizobaki? Na hizi figo nizitibu wapi?

Fundi, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu.

Wasomaji wajue kwamba barua hii sikuiacha ingoje zamu yake. Nilipofika penye "wiki ya tano" nilivua miwani, nikamwandikia fundi palepale: kesho asubuhi nenda hospitali, kapime presha, waambie umeacha dawa, na ule unga ubebe na mfuko wake. Kama usiku huu kichwa kitapasuka, macho yakaona ukungu, kifua kikabana, au mkono mmoja ukalegea, usingoje hiyo asubuhi. Akaenda. Mashine ikasoma 182 kwa 106. Daktari amemrudisha kwenye dawa, amemtoa damu na mkojo kwa ajili ya figo na sukari, na unga ameubakiza mezani kwake. Yanayofuata hapa ni yale mengine, nayaandika kwa ruhusa yake.

Nianze na hizo figo, maana ndizo zilizokutisha mpaka ukatupa dawa ya miaka kumi na moja kwa neno la mtafsiri.

Kwenye tiba ya Kichina kuna neno shen. Wanaotafsiri huliita "figo", na ajali inaanzia hapo. Shen yao si vile viungo viwili ambavyo hospitali tunavipima kwa damu na mkojo. Ni jina la nguvu za asili za mtu, na chini yake wameweka kiuno, mifupa, magoti, masikio, uzazi, hata uzee wenyewe. Mtu wa makamo mwenye kiuno kinachouma akiingia kwa tabibu wa Kichina karibu na hakika ataambiwa shen yake imepungua, awe na figo za kijana wa miaka ishirini. Nadharia hiyo imo kwenye kitabu chao kikuu, Huangdi Neijing, kina zaidi ya miaka 2,000, na enzi hizo hapakuwa na mtu duniani anayejua figo inachuja nini.

Usiwacheke, maana na sisi tunayo ya kwetu. Bibi akisema mjukuu ana chango, hana maana utumbo ukapigwe picha. Mwanaume akikwambia mshipa umempanda, ukimpeleka kwa bingwa wa mishipa ya damu mtarudi wote mmekasirika. Ngiri je? Hilo neno moja nimelisikia wodini likibeba maradhi sita. Na viungo vikiuma tunasema baridi yabisi, yaani baridi kavu, neno tuliloachiwa na matabibu wa Kiarabu waliougawa mwili kwa joto na baridi, ukavu na umajimaji. Mchina naye viungo vikiuma anataja upepo, baridi na unyevu. Mganga wa Muheza akimwambia mgeni kutoka Shanghai "una chango", halafu kijana akatafsiri "utumbo wako umeharibika", yule mgeni naye ataanguka kwenye kiti kama ulivyotaka kuanguka wewe.

Kwa hiyo yule daktari huenda hakukudanganya. Alisema lake kwa lugha yake, likavuka mdomo wa mtu wa pili likawa ugonjwa mwingine. Lawama yangu iko kwa kijana. Kutafsiri ni kazi yake, kukuachisha losatani si kazi yake, na sijui nani alimpa hiyo ruhusa.

Mgongo wako wenyewe nilivyousoma, figo haziumi hivyo. Figo ikiuma hukaa juu kidogo, ubavuni chini ya mbavu, mara nyingi pamoja na homa, au mkojo unaochoma, au mkojo wenye damu. Figo zinazokufa polepole kwa presha wala haziumi kabisa, ndiyo maana zinatuwahi. Maumivu yanayoshuka tako moja hadi shavu la mguu, yanayokolea ukikaa na kupoa ukitembea, hayo ni ya mshipa wa fahamu unaobanwa pale uti wa mgongo unapoishia. Daktari wako atakupima mwenyewe, mie nakupa nilichokiona miaka thelathini na kitu ya uuguzi. Ila siku ukihisi ganzi sehemu unayokalia baiskeli, au mkojo ukakutoka bila taarifa, au ukazuilika, siku hiyo hakuna sindano ya Mchina wala chuku, ni hospitali saa hiyohiyo.

Sasa nikwambie kilichonikosesha raha kwenye barua yako, na wewe umekitaja kwa sentensi moja ukapita. Diklofenaki mbili kwa siku, wakati mwingine tatu, mwaka mzima, juu ya losatani na kidonge cha kukojosha. Diklofenaki inapandisha presha, na inapunguza damu inayoingia kwenye figo. Ukiiweka pamoja na hizo mbili, figo zinashikwa pande tatu kwa wakati mmoja. Umekimbia dawa zinazozilinda figo kwa kuogopa ugonjwa wa figo, na ile inayozigusa umekuwa ukiinunua dirishani bila cheti. Mtu wa presha mwenye maumivu anaanza na parasetamoli kwa kipimo chake, halafu anamwuliza daktari. Wauzaji wa maduka ya dawa wananisoma hapa, nao nawaomba: mama akirudi mara ya tatu kwa diklofenaki, mwulizeni kama ana presha. Haiwagharimu kitu.

Twende kwenye unga.

Umeniandikia kwa furaha kwamba unakula kama mkulima na mashavu yamejaa. Mie niliposoma hapo moyo ulidunda. Kuna dawa za jamii ya steroidi, deksamethasoni ikiwa mojawapo, zinazomaliza maumivu kwa haraka, zinafungua hamu ya kula, zinaufanya uso uwe mviringo kama mwezi, na huku nyuma zinapandisha presha na sukari. Dunia nzima wakaguzi wamekwisha kuzikamata ndani ya vidonge na unga vinavyouzwa kama mitishamba mitupu, na humohumo wamekuta hata diklofenaki yenyewe. Kwamba zimo katika mfuko wako, siwezi kuapa, maabara ndiyo inayosema. Lakini ndiyo sababu nilikuandikia uubebe na usijifanyie uamuzi wa kuacha kimyakimya. Mwili uliolishwa steroidi wiki nyingi ukikatiwa ghafla unaweza kuzimia, kwa hiyo daktari akiona dalili hizo atakushusha ngazi kwa ngazi. Ukilegea, ukatapika, ukaona kizunguzungu siku hizi, rudi bila kungoja tarehe.

Na hata ungekuwa majani matupu, majani nayo ni dawa. Nasema hivyo kwa heshima. Dawa mseto uliyowapa wanao walipougua malaria, sehemu yake moja imezaliwa huko kwenye tiba ya Kichina. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, alikuwa na kazi ya serikali yao ya kutafuta dawa ya malaria, akasoma maandiko ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4: chukua konzi ya mmea uitwao qinghao, loweka majini, kamua, unywe. Hakusema chemsha. Tu Youyou akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiua dawa, akaitoa kwa njia isiyo na joto kali, na baada ya miaka akapewa Tuzo ya Nobel, mwaka 2015. Lakini angalia kilichofuata kati ya konzi ya majani na kidonge cha mwanao: ilipimwa, ikajulikana ni miligramu ngapi kwa kilo ngapi za mtoto, ikaandikwa kwenye pakiti. Mfuko wako hauna hata jina.

Jina nalo linaua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji wanawake walikuwa wanapewa dawa ya Kichina ya kupunguza unene. Mimea miwili ina majina yanayofanana kwa Kichina, mmoja unaitwa fang ji na wa pili guang fang ji, ikabadilishwa mmoja kwa mwingine. Huo wa pili una sumu ya figo. Wanawake zaidi ya mia moja figo ziliharibika, wengi wakaishia kwenye kusafishwa damu au kupandikizwa figo. Mmea wenyewe ulikuwa halisi, umetoka China. Tena kwa mtu wa presha kama wewe kuna mingine ya kuepuka: ma huang inapandisha presha waziwazi, na ule mzizi mtamu wa urukususi, ambao Wachina huutia kwenye michanganyiko mingi, ukizidi nao unapandisha.

Basi unga usirudi nyumbani kwako.

Sindano ni habari nyingine, na hapa bintiyo na mie tutatofautiana kidogo.

Mwaka 2009 bega langu la kushoto liliganda. Nilikuwa siwezi kufunga sidiria wala kujisuka mbele ya kioo. Nilikwenda Unguja kwa ndugu, na huko nikakutana na daktari wa Kichina. Hao wako Unguja toka mwaka 1964, na huku bara toka 1968, hawakuja jana. Nikalala. Wewe unajua sindano ya cherehani namba 14 ina unene wa milimita 0.9, ile yake haikufika robo tatu ya milimita, ilikuwa robo moja. Ngozini sikusikia kitu. Alipoizungusha kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada ndipo nikasikia uzito unaopanda mkononi, kama mtu amebonyeza gumba lake ndani ya msuli wangu na hataki kulitoa. Wenyewe wanauita de qi, na bila huo uzito wanaona hawajafanya kazi. Bega lilichukua mara sita na mazoezi ya ukutani ya kila siku. Kipi kilichoniponya zaidi mpaka leo sijui, maana mabega yaliyoganda mengine hujifungua yenyewe.

Kwa hiyo usinisikilize mie, sikiliza Wajerumani. Walichukua watu 1,162 wenye mgongo sugu wakawagawa makundi matatu. Wa kwanza walichomwa sawasawa kwenye vituo vya Kichina, yaani zile sehemu za mwili zinazooneshwa kwenye ile ramani ya ukutani. Wa pili walichomwa juujuu, mahali pasipo kituo chochote, nao hawakuambiwa. Wa tatu walipewa matibabu ya kawaida, vidonge na mazoezi. Matokeo yakatangazwa mwaka 2007. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya maana kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6. Kundi la pili, la sindano za uongo, asilimia 44.2. Kundi la vidonge, 27.4.

Mie nilipozisoma hizo tarakimu nilicheka peke yangu. Mpenzi wa sindano anafurahi kwamba zimewashinda madaktari. Mpinzani anafurahi kwamba ile ramani ya ukutani haina kazi kubwa, maana kukosea kituo na kupatia kituo karibu ni sawa. Na wote wawili wana haki. Uchunguzi uliofuata, uliowakusanya maelfu ya wagonjwa, umeonesha sindano halisi zinazidi za uongo kwa mgongo, goti na kipandauso, ila kwa kidogo. Uingereza taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, iliziondoa kwenye mgongo mwaka 2016, kisha 2021 ikazikubali kwa baadhi ya maumivu sugu. Watu wazima wenye elimu yao wamegeuka mara mbili, sembuse mumeo.

Kwa hiyo kwa mgongo zinaweza kusaidia, na wewe zimekusaidia. Kwa kipandauso pia, na kwa kichefuchefu cha baada ya upasuaji. Kwa presha yako, sukari, malaria, uvimbe, au figo za kweli, hapana. Na nitie langu dogo: wewe ni mtu usiyelala chini mchana. Nusu saa kwenye shuka jeupe, mlango umefungwa, hakuna mteja anayeuliza dera lake, mtu mzima anakushika mkono kimya kimya anakusikiliza mapigo. Hiyo nayo ni tiba, ingawa kuiuza 25,000 kwa mara moja ni biashara nzuri.

Mwambie baba watoto hivi. Akijigonga kiwiko mlangoni anafanya nini? Anakisugua, na maumivu yanapungua. Mkononi mwake mna dawa gani? Neva zinazosikia mguso zinazifunika zile za maumivu, na ubongo una vituliza maumivu vyake wenyewe unavyovitoa ukichokozwa. Sindano inachokoza. Hakuna kafara, hakuna uvumba, hakuna jina la jini linalotajwa, na maelezo yao ya nguvu inayopita kwenye mistari anaweza kuyaacha palepale ukutani. Kama bado ana shaka ya dini, msikiti uko karibu, amwulize sheikh na si jirani.

Mama mkwe mpe salamu zangu. Mchina hakuiba chuku. Huyo Ge Hong wa qinghao naye alishaandika kuhusu kuumika kwa pembe, na Waarabu wana hijama yao, na babu zetu wa pwani walikuwa na pembe na nta. Kila bandari na pembe yake. Inapunguza ukakamavu wa misuli kwa muda, inaacha yale madoa ya mviringo, basi. Si bure Waswahili mtu akiongeza maneno tukasema anapiga chuku. Wembe ndio unaonitia shaka. Ile ya kuchanja ikitumia wembe mmoja kwa watu wawili, mtu anarudi na homa ya ini, na Ukimwi pia. Wewe mtu wa presha isiyotulia, damu usiitoe kwa mtu yeyote sasa hivi.

Usinielewe kwamba naichukia tiba ya asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wagonjwa wa Ukimwi hawana dawa na sisi wodini hatuna la kuwapa ila maji ya drip, ni hapa Tanga madaktari na waganga wa asili walikaa meza moja, kwenye ile kazi iliyokuja kuitwa Tanga AIDS Working Group. Waganga walileta mizizi yao ya kuharisha, ya fangasi za mdomo, ya hamu ya kula, nasi tukaandika kilichotokea. Hakuna aliyemwambia mwenzake aache dawa yake. Mganga anayekutaka uache ya hospitali ndiyo ufae kwake, mie humkimbia, awe wa Pangani au wa Beijing.

Zile saba zilizobaki, hela imeshalipwa, presha ikishuka na daktari akikuruhusu, malizia. Ila kwanza ombeni cheti. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka Baraza, na mtoa tiba anatakiwa asajiliwe, na kituo chake kisajiliwe, cheti kikae mahali unapokiona. Ukitilia shaka, halmashauri ina mratibu wa tiba asili, kamwulize. Ukilala kitandani, pakiti ya sindano ichanwe mbele ya macho yako, na zikitoka ziingie kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali, zisirudi kwenye sahani. Hesabu zilizoingia, hesabu zilizotoka, kama unavyohesabu pini za nguo. Mie nimekwisha kumfungua mgonjwa jipu la tako ukubwa wa chungwa kwa sindano ya mtaani iliyotumika kwa watu sijui wangapi, harufu yake bado ninayo. Mabegani na mgongoni juu asichome kwa kina, mapafu yako hapo chini, ukisikia pumzi inakata baadaye ni hospitali. Wasomaji wenye mimba waseme kabla hawajalala, na wanaomeza dawa za kuzuia damu kuganda vilevile. Na siku nyingine lipa mara moja moja. Mara tano au sita bila nafuu yoyote, hela yako iende kwingine.

Kwa mfano kwenye kiti. Hiyo stuli ya urithi itunze kwa kumbukumbu, usiikalie. Tafuta kiti chenye mgongo, magoti yakikaa usawa wa nyonga, na meza ya cherehani iinuliwe kwa matofali hata usiiname kama mtu anayetafuta sarafu. Kila ukimaliza kipande simama, fika mlangoni, rudi. Jioni tembea, hata ukifika Raskazone na kurudi kwa daladala si haba. Mtu wa mgongo kama wako, kutembea kunamponya kuliko kulala, na hilo wala halina mjadala wa Wajerumani.

Majibu ya figo umesema ni Jumanne. Karatasi ipige picha unitumie, usinisomee kwa simu wala usimpe mtu akueleze kwanza. Tarakimu za krietinini, kile kipimo cha damu kinachoonesha figo zinavyofanya kazi, mara nyingi zina nukta katikati, na nukta ikipotea njiani tutalia wote wawili bure.